Nyuma Yangu Hakuna Mtu

Homayun mwenye duka la supu ya vichwa na makongoro ndiye aliyeliona boksi kwanza, na Homayun akiona kitu, ujue Tehran nzima imeona.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Ijumaa ya mwezi wa Aban, vuli inapoelekea baridi, pale Velenjak lami inapoishia na mlima kuanza. Watu thelathini na wanane walikuwa wanadundadunda miguu chini kwa baridi, wengine bado wanatafuna mkate na jibini. Homayun akamulika taa yake ya kichwani kwenye mkoba wa Ardavan, mwongoza msafara, akaona kamba ya dhahabu inachungulia pembeni ya zipu.

"Jamani! Mtangulizi kabeba boksi!"

Shangwe ikalipuka hadi mbwa wa mtaa wakaitikia. Nani asingejua maana yake? Katika kundi la Ijumaa, mwenye habari njema hubeba boksi la vileja hadi kilele cha Tochal. Halifunguliwi chini, wala halifunguliwi juu mpaka mtu wa mwisho awe amefika. Bi Safiye alibeba alipopata mjukuu. Homayun mwenyewe alibeba mwaka juzi, eti jiwe la figo limetoka.

"Tutajie jina la mchumba tu, vileja tutavisubiri!" mmoja akapiga kelele.

"Mwacheni kijana," Bi Safiye akasema, akimbana Ardavan shavu kama mtoto, wakati mwenzie ana miaka thelathini na saba. "Hamuoni anaona haya?"

Ardavan alicheka nusu, akainama kufunga kamba za kiatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. "Twendeni," alisema. "Jua halitungoji."

Hakugeuka kumtazama mtu wa mwisho. Mtu wa mwisho alikuwa Parastu.

Alisimama nyuma ya wote na kizibao chake cha manjano, redio ya mkononi imening'inia begani, na moyo wake ulikuwa unagonga hadi akaogopa redio itausikia. Wiki mbili nyuma, mbele ya kibanda chake cha kushona zipu na mahema pale soko la Tajrish, Ardavan alikuwa amemwambia kwa sauti ya chini, macho yako kwenye glasi ya chai: "Parastu jan, Ijumaa moja utaniona nimebeba boksi. Usiniulize kitu. Wewe njoo tu hadi juu."

Kwa hiyo hakuuliza kitu. Alifunga skafu vizuri, akatabasamu gizani peke yake, akaanza kupanda.

*

Miaka mitatu walipendana kwa mtindo huo, na ni mtindo wa ajabu. Ardavan mbele, Parastu nyuma. Mtangulizi kazi yake ni kuifungua njia, na mfunganjia kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayebaki. Kati yao siku zote kulikuwa na watu thelathini na kitu, na stori zao, na magoti yao, na chupa zao za chai. Mfunganjia hampiti mtu hata mmoja. Mtu akikaa, anakaa naye. Mtu akishindwa, anamrudisha. Ikawa wapenzi wawili wanaenda mlima mmoja kila Ijumaa na hawatembei pamoja hata hatua kumi.

Lakini walikuwa na tepe. Kila njia panda Ardavan alifunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye jiwe au kwenye nguzo ili watu wasipotee, na Parastu, akipita wa mwisho, alikifungua na kukitia mfukoni. Tangu majira ya baridi ya kwanza, Ardavan alizifunga kwa fundo la kipepeo, lile la kamba ya kiatu, ukivuta ncha moja tu linafunguka lote. "Usije ukavua glavu," alimwambia siku ile. Basi. Wengine huandikiwa mashairi, yeye alifungiwa fundo la kipepeo, na kwake lilitosha.

Na jioni, wakishafika chini, redio ilikuwa na maneno yake. Parastu ilimbidi atoe taarifa: "Njia imefungwa. Nyuma yangu hakuna mtu." Na Ardavan, badala ya kusema "imepokelewa" kama kanuni inavyotaka, alijibu: "Mbele yako nipo." Homayun, mwenye redio ya tatu katikati ya msafara, aliguna mpaka mlima ukasikia.

Watu walijua. Watu wote walijua, isipokuwa haikusemwa. Kwa sababu Parastu aliachika akiwa na miaka ishirini na minane, na mama yake Ardavan, Munir, mjane wa mtaa wa zamani kule kusini ya soko kuu, alikwisha kusema neno lake mbele ya majirani: mwanangu wa pekee haoi mtalaka.

*

Tepe ya kwanza ilikuwa kwenye nguzo ya njia panda, juu kidogo ya kituo cha pili cha vibanda vya waya, vile vinavyoning'inia na kupandisha watu mlimani. Parastu alivuta ncha. Haikufunguka.

Akavuta nyingine. Fundo lilikuwa gumu, limekazwa mara mbili, fundo la mtu anayefunga mzigo. Alivua glavu, akahangaika, mwishowe akalifungua kwa meno.

"Baridi," alijiambia. "Vidole vimemganda."

Ya pili ikawa vilevile. Ya tatu pia.

Jua lilichomoza, na jiji likabaki chini, limefunikwa na moshi wake wa rangi ya chai iliyochacha. Vijana walimpita mbiombio, wazee walishuka, na kila mtu alisema kile watu wa mlima husema. "Usichoke, dada!" "Nanyi msichoke!" Alijibu kila mmoja. Siku za nyuma alipenda jambo hilo, kwamba ukiwa mlimani hakuna mgeni. Leo aliona kwamba kila anayemtakia asichoke alikuwa anaenda zake.

Kituo cha tano walikula mayai ya nyanya. Ardavan alikula amesimama, upande wa pili wa ukumbi, anachora ramani hewani kwa kijiko na watu wapya. Parastu alimwangalia mpaka macho yao yakagongana. Alikuwa amezoea macho yale kuganda kwake kidogo, sekunde moja ya ziada iliyokuwa yake peke yake. Leo yaliteleza kama yamegusa sufuria ya moto.

"Hajalala," Homayun alimnong'oneza Parastu akipita na mkate mdomoni. "Mtu na boksi lake hawalali. Mimi na lile jiwe langu, usiku kucha macho." Akamkonyeza.

Parastu alicheka. Na njiani akaendelea kufungua mafundo kwa meno.

*

Kituo cha saba ndipo waya unapoishia, mita elfu tatu na mia saba na ushee juu ya bahari. Toka pale hadi kilele ni kama saa moja kwa miguu, mgongo wa mlima tu, theluji ya kwanza imelala kwenye kivuli cha mawe. Mvivu anaweza kufika hapo kwa kibanda, amekaa, anakula mbegu za maboga. Kundi lilikuwa limepita nusu saa. Parastu alikuwa anaondoka mlangoni mwa mgahawa aliposikia mtu anagonga kioo kwa pete.

Mwanamke alitoka. Mfupi, koti la heshima la rangi ya kaniki, skafu imebanwa kwa pini chini ya kidevu, na miguuni viatu vya kwenda msibani. Mkono mmoja chupa ya chai, mwingine mkoba wa ngozi ulioshikwa kama vile mlima umejaa wezi.

"Wewe ndiye wa mwisho?" aliuliza.

"Ndiyo, Haji Khanum," Parastu alijibu, kama anavyoitwa mama wa heshima. "Kuna shida?"

"Hao wengine wote wamekwisha pita?"

"Wote."

"Alhamdulillah. Nimekaa nimeupa mgongo dirisha mpaka shingo imekauka. Kama wangeniona!" Akamwangalia kuanzia viatu hadi skafu, bila haraka, kama mtu anayechagua tikiti maji. "Kwa hiyo Parastu ni wewe. Nilidhani u mrefu zaidi."

Parastu hakuhitaji kuambiwa jina. Nyusi zile alizijua, zilizoungana kidogo katikati. Alikuwa amezipenda miaka mitatu kwenye uso mwingine.

"Karibu, Haji Khanum," alisema. "Ardavan hakusema kama utakuja."

"Ardavan hajui. Kunywa chai."

"Ahsante, nimeshakunywa."

"Kunywa, mwanangu, umetoka mbali."

"Wallahi usijisumbue."

"Nimesema kunywa," Munir alisema mara ya tatu, na kikombe kilikuwa tayari kimejaa. Ya kwanza ni desturi, ya pili ni heshima, ya tatu ndiyo mtu anamaanisha. Parastu akapokea.

"Nataka kutembea na wewe," Munir alisema. "Hadi hapo unapokwenda. Nina neno, na neno hili siwezi kulisema nimekaa."

*

Walitembea hatua za kuku. Kila hatua ishirini Munir alisimama, akaulaani mlima, akausifu upepo, akauliza ni nani aliyewaambia watu kwamba Ijumaa ni siku ya kufa.

"Hicho ndicho anachokifuata huku kila wiki? Mawe?" alihema. "Nyumbani nimemwekea zulia."

"Juu kuna mandhari, Haji Khanum. Ukifika kileleni upande mmoja unaliona jiji, upande mwingine unamwona Damavand, mlima mweupe wote. Hakuna kinachokuzuia."

"Damavand namwona kwenye noti."

Parastu alicheka kabla hajajizuia. Mzee yule naye akacheka, na kwa hatua kadhaa walikuwa wanawake wawili tu njiani, mmoja anashika kiwiko cha mwenzake. Kisha Munir akasimama kwenye jiwe lililokuwa na tepe nyekundu, akamtazama Parastu anapambana na fundo.

"Jana usiku tulikwenda kwa shemeji yangu," alisema. "Kaka wa marehemu mume wangu. Kwa ajili ya binti yake, Yekta."

Parastu aliendelea kuvuta uzi. "Kumtembelea?"

"Kumposa."

Upepo ulipita kati yao.

"Ardavan hakutaka kwenda, sikudanganyi. Nilimwambia ni chai tu. Wakakaa wazee, chai ikaja, na shemeji akauliza mbele ya wote: Ardavan bwana, unasemaje, tumpe binti yetu mkono wako? Na yeye akajibu: 'Mimi mtumishi wenu, amri ni yenu.' Wakapiga makofi. Vileja vikazunguka. Tulipokuwa tunaondoka shemeji kamkabidhi boksi mlangoni, kawape wenzako wa mlimani. Atalikataaje?"

Fundo likafunguka. Parastu aliishika ile tepe kwenye kiganja, nyekundu kama zote.

"Mimi mtumishi wenu, amri ni yenu," alirudia polepole. "Haji Khanum, maneno hayo nayasema mimi kwa kila mteja anayeleta zipu. Ni adabu tu hiyo. Hata kwa dereva wa teksi unayasema."

"Najua."

"Si kukubali!"

"Najua, binti yangu. Ila yalipokelewa."

"Si angesema pale pale? 'Samahani ami, sikumaanisha'?"

"Mbele ya wazee kumi na saba?" Munir akatikisa kichwa. "Humjui? Yule akikanyagwa mguu ndiye anayeomba radhi. Amekesha usiku kucha anatembea chumbani. Alfajiri nikamuuliza, utamwambiaje yule mwanamke? Akasema, 'Atajua juu.' Nikaona hapana. Usifike pale mbele ya watu thelathini umetabasamu, halafu litajwe jina la mwingine. Mimi pia niliwahi kuwa msichana. Ndiyo maana nimepanda kile kisanduku cha waya nimefumba macho njia nzima."

Parastu alikaa juu ya jiwe, jambo ambalo mfunganjia halifanyi. Alitaka kulia, ila machozi kwenye baridi ile yanauma usoni, na alikuwa na mtu wa kumwangalia. Hata pale, kazi ilikuwa kazi.

Redio ikakoroma begani. Sauti yake. "Mfunganjia, mtangulizi hapa. Uko wapi? Sisi tumefika. Watu wanakungoja wewe tu."

Nyuma ya sauti alisikia kicheko cha Homayun: "Mwambie boksi linaganda!"

Parastu alibonyeza kitufe. "Ardavan," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kutaja jina lake hewani. "Boksi la nani?"

Redioni ulisikika upepo tu. Angeweza kusema. Neno moja lingetosha, "letu", neno la watu wawili, lile lile alilokuwa nalo mfukoni wiki mbili. Hata kosa la jana lingefutika kwa neno hilo.

"La... la wote," Ardavan alisema. "Njoo kwanza, Parastu. Tutaongea."

La wote. Adabu tena. Parastu akaangalia theluji.

Alipogeuka, Munir alikuwa ameinama, mikono magotini, midomo rangi ya zabibu. Mkoba wa ngozi ulikuwa umeanguka. Akatapika chai yote kwenye viatu vyake vya msibani.

"Kichwa," alisema kwa sauti ndogo. "Binti yangu, kichwa kinapasuka."

*

Mlima ukimshika mtu, dawa ni moja: kushuka, tena sasa hivi. Parastu alimvalisha koti lake mwenyewe, akampitisha mkono mabegani, akamgeuza. Juu yao kilele kilionekana wazi, na lile banda la chuma la kileleni, na vidoadoa vya rangi vilivyolizunguka. Kimoja kati ya vidoadoa hivyo kilikuwa na jaketi la bluu. Kulikuwa na mwendo wa nusu saa tu.

"Usimwambie ni mimi," Munir alimshika kizibao. "Nakuomba. Ataona nimemfuata. Ataniona mtu wa namna gani?"

"Akijua atakuja mbio."

"Ndiyo maana nakuomba."

Walishuka. Ilikuwa kazi, mzee anaegemea, viatu vinateleza, Parastu anahesabu pumzi zake na za mwenzake. Kadiri walivyoshuka ndivyo Munir alivyopata maneno, na yale yaliyotoka hayakuwa yale aliyokuja nayo.

"Ningeweza kuwazuia," alisema ghafla.

"Usiongee, Haji Khanum. Pumua."

"Jana. Chumba kizima mimi peke yangu ndiye niliyejua kuwa ni adabu. Mimi ndiye niliyemfundisha maneno hayo, akiwa hivi." Akaonyesha kimo cha goti. "Alinitazama. Mwanangu alinitazama, Parastu, kama alivyokuwa akinitazama akipotelewa na mpira. Nikachukua sinia nikaanza kupitisha vileja."

Parastu alimshika kiwiko, akamvusha jiwe.

"Nasema mtalaka, mtalaka. Majirani wanapenda kusikia hivyo. Ukweli ni kwamba Yekta atakuja kukaa ghorofa ya juu. Wewe ungemchukua. Mna mlima wenu, na redio zenu. Mimi nyumba ile jioni inalia, unaijua nyumba inayolia? Friji inanguruma na mimi naijibu." Alisimama, akafuta uso kwa ncha ya skafu. "Sasa sema unachotaka kusema. Nitukane. Una haki."

Parastu aliijua nyumba inayolia. Alikuwa na yake, chumba na jiko, Tajrish, juu ya muuza kachumbari. Alitafuta ndani yake tusi la kumpa mwanamke huyu, akakuta limekwisha kabla halijaanza.

"Tazama unapokanyaga," alisema. "Hapo pana barafu."

Redio ilikoroma tena walipokuwa wanauona mlango wa kituo.

"Mfunganjia, mbona hatukuoni?"

"Nina mtu kashikwa na mlima," Parastu alisema. "Mgeni. Namrudisha kituo cha saba. Sitafika. Msiningoje."

"Tutakungoja."

"Kuna baridi, mna wazee. Fungueni boksi."

"Bila wewe? Haiwezekani." Hiyo ya kwanza.

"Fungueni, Ardavan."

"Kanuni ni kanuni, Parastu jan. Hatuwezi kula bila mtu wa mwisho." Hiyo ya pili, na lile *jan*, neno la kumwita mpendwa, lilimpita Parastu mbavuni kama sindano ya kushonea turubai.

"Nawaruhusu mimi," alisema. "Mfunganjia anawaruhusu. Fungueni."

Akaishika redio kwa mikono miwili, akaikandamiza sikioni. Hakuna mtu wa nchi ile asiyejua kuhesabu hadi tatu. Muuza duka hukataa pesa yako mara mbili, ya tatu anapokea. Mwenye nyumba hukuzuia usiondoke mara mbili, ya tatu, kama anakutaka kweli, anaficha viatu vyako. Parastu alingoja ya tatu. Alingoja amefumba macho, na kama ingekuja angempokea pamoja na boksi la watu, na ami, na sinia, na mama mtu, na kosa lote, angepanda mlima ule akikimbia.

"Sawa," Ardavan alisema.

Kisha vigelegele. Vilitoka redioni na, sekunde moja baadaye, vikashuka na upepo wenyewe toka kileleni, vyembamba, kama vya harusi ya nyumba ya pili.

Munir alikuwa anamtazama. Alikuwa amesikia yote. Akaanza kumvua Parastu glavu moja bila sababu, akaishika mikononi mwake.

"Ningekuwa sijui jina lako," alisema, "ningekuposea mwanangu mimi mwenyewe."

*

Alimkalisha kwenye kibanda cha waya, akamfunga skafu upya, akamwambia mhudumu ampokee chini na amtafutie teksi.

"Shuka na mimi," Munir alisema. "Kaa hapa. Kuna nafasi."

"Siwezi, Haji Khanum. Kuna tepe zangu huko juu."

"Waachie hizo tepe! Vitambaa tu."

"Zikibaki, Ijumaa ijayo mtu atazifuata apotee."

"Kaa, binti yangu," Munir alisema. Halafu mara ya tatu, machozi yanamtiririka wazi sasa: "Kaa na mimi."

Huyu alimaanisha. Parastu aliinama akambusu kichwani, juu ya skafu, akafunga mlango. Kibanda kiliyumba, kikaondoka, na uso ule wenye nyusi za kupendwa ukazidi kuwa mdogo nyuma ya kioo.

Homayun alikuwa wa kwanza redioni. "Dada, sisi tunashuka kwa upande wa Shirpala. Subiri nikufuate."

"Usinifuate, kaka Homayun. Hali ya hewa safi. Nazoa tepe, nashuka nyuma yenu."

Alipanda peke yake. Hakuna goti la mtu wa kungojea, na miguu ikagundua kwamba inaweza kwenda haraka. Miaka mitatu hakujua mwendo wake. Alifungua tepe moja, mbili, zote kwa meno.

Kileleni hapakuwa na mtu. Theluji ilikuwa imekanyagwa na viatu thelathini na kitu, makombo ya vileja na mbegu zake nyeusi yametapakaa, ndege mmoja anayaokota. Ndani ya banda la chuma, juu ya bati, walikuwa wamemwekea fungu lake ndani ya karatasi ya tishu, na jiwe juu lisipeperuke. Vileja viwili. Upande mmoja jiji lilikuwa limezama kwenye moshi wake. Upande mwingine Damavand alikaa mweupe, mkubwa, kama alivyokuwa amemwelezea mzee, na hapakuwa na wa kumwambia, tazama.

Tepe ya mwisho ilikuwa kwenye pembe ya banda. Alivua glavu iliyobaki, akaweka meno tayari. Kisha akaona.

Fundo la kipepeo.

Alilitazama muda mrefu. Alimwona, bila kutaka, akiwa amechelewa kuondoka, wenzake wanamwita, vidole vyake vinakunja kitambaa kwa namna ile ile. Alikuwa amempa kitu kile pekee alichoweza kumpa bila mtu kusikia. Parastu alivuta ncha moja. Lilifunguka lote. Akaitia mfukoni pamoja na nyingine, na zilipochanganyika hakuweza tena kusema ni ipi.

Kileja kimoja alikila, kwa sababu mwili una njaa yake. Cha pili alimwachia ndege.

Jua lilikuwa linatua alipofika chini, Darband, ambako mikahawa ilikuwa imewasha taa za rangi na watu wanakula kebabu kando ya maji. Kundi lilikuwa limekwisha tawanyika. Alisimama kwenye daraja, akabonyeza kitufe, kwa sababu siku haijaisha mpaka mfunganjia aseme.

"Njia imefungwa," alisema. "Nyuma yangu hakuna mtu."

Redio ilikohoa. Mtu upande wa pili alikuwa amebonyeza kitufe na hakuwa anasema. Parastu alisikia gari, honi, mlango, na pumzi aliyoijua. Alisimama. Watu walimpita kushoto na kulia wakisema, usichoke dada, usichoke.

"Imepokelewa," Ardavan alisema.

Parastu alizima redio, akavua kizibao cha manjano, akakikunja vizuri, na akaingia kwenye msongamano wa watu wanaoteremka, katikati.